Niletee Mutaa

Ilianza Jumamosi ya kwanza ya likizo ya Agosti, saa nane mchana, saa ile ambayo hata kuku hulala chini ya mkokoteni na vilima vya ng'ambo huonekana kama vimechorwa kwa penseli, halafu mtu akavifuta kidogo. Susu alikuwa kitandani tangu asubuhi, ameshika tumbo. Susu ni nyanya yangu, mama ya mama. Muthokoi ya juzi, mahindi na maharagwe yaliyolala kwa sufuria, ilikuwa imemkataa. Alikuwa ameenda chooni mpaka akaacha kujisumbua kuvaa viatu.

Mama alipiga simu kutoka Athi River, anakoshona nguo kiwandani. Mimi sijui kuongea kwa simu, hata na mama yangu. Hutoa "mm" na "eeh" tu.

"Sikia," akasema. "Kesho asubuhi nikipiga na bado amelala, nakuja na taksi. Na sio kumpeleka hospitali pekee. Atakaa na sisi huku. Hiyo nyumba tutafunga."

Simu ya susu iko na sauti ya kuamsha kijiji, kwa hivyo alisikia kila neno. Akageukia ukuta. "Huko kwenu ni vumbi ya simiti," akasema. "Mutu anakohoa mpaka anasahau jina yake."

Mimi pia sikutaka. Kwetu ni ploti, milango inaangaliana, na ukitoka tu mtu anakuita "niaje" na anangoja ujibu kitu cha kuchekesha. Kwa susu hakuna anayenidai maneno. Likizo zangu zote nimezipitisha nikizunguka boma lake polepole kama samaki ndani ya chupa, nikiangalia mwanga ukihama kutoka kwenye tangi la maji hadi kwenye mlango wa jikoni. Sikutaka kuufikiria mlango ule ukiwa na kufuli.

Ndipo akasema, macho yamefungwa: "Mwana wakwa, niletee mutaa."

Hapa lazima nieleze. Kiswahili cha susu kimekaa ndani ya Kikamba. Kwake mtoto ni mutoto, mkate ni mukate, mti ni muti. Mimi Kikamba changu ni cha salamu tu, kwa hivyo kichwani niko na kiraba kidogo cha kufuta hizo "u" zake. Mutaa nikaifuta, ikabaki mtaa. Niletee mtaa. Nikajua susu ameuona mwisho wake na anataka watu.

"Mtaa wote?" nikauliza kwa sauti ndogo.

"Kidogo tu. Ya kujaza mukono."

Nikaangalia vidole vyangu. Watu watano.

Nilitoka kama mtu anayetembea ndani ya maji. Kwenye kona ya zizi la mbuzi kile kichaka cha kijivu kilinigusa sketi, kama kila siku, na harufu yake ikanifuata mpaka langoni, harufu kama ya dawa ya kifua iliyochanganywa na ndimu. Njia ilikuwa nyeupe, imenyamaza. Nilikuwa nikifanya mazoezi ya neno moja, hodi, hodi, na kwa kioski lilitoka kama kikohozi.

"Nani huyo?" mama wa kioski akauliza, mkono ukiwa ndani ya gunia la maharagwe.

"Susu... anaita mtaa. Amesema watu wa kujaza mkono."

Aliacha kopo humo humo ndani ya gunia. Akajifunga leso, na kutoka hapo sikuhitaji kuongea tena, yeye aliniongelea juu ya nyua zote. Tulirudi tukiwa mstari: yeye, mume wake, mzee jirani mwenye ng'ombe, na akina mama wawili wa kanisa, mmoja na Biblia kwapani. Mzee alikuwa ameshavua kofia. Yule wa Biblia alianza wimbo, chini chini, na wimbo ukaingia nyumbani mbele yetu.

Susu akainuka kwa kiwiko. "Nani amekufa?"

"Si wewe?" mzee akasema.

"Mimi nimetuma huyu mutaa!"

"Ndio hawa," nikasema. "Watano."

Mama wa kioski akanitazama, akamtazama susu, kisha akatazama nje kupitia mlangoni, kule kwenye zizi la mbuzi, kwenye kile kichaka. Akakaa chini juu ya gunia la mahindi na kucheka mpaka leso ikafunguka.

"Haya susu, mutaa umefika. Tuchemshe nani kwanza?"

"Sio huyo mzee," susu akasema. "Atanirudisha chooni."

Hata mzee alicheka. Susu alicheka akishika tumbo, "aii, musinichekeshe!" Mimi nilitaka ukuta unimeze.

"Kuja, mtoto wa simiti," mama wa kioski akaniambia, akanivuta mkono hadi kwenye kichaka. "Mutaa ndio huu. Vunja huku juu, palipo laini. Yenye maua waachie nyuki."

Tukaosha majani, tukayamwagia maji yanayochemka, tukafunika kwa sahani. "Usifunue funue. Dawa ni huo mvuke unaotaka kutoroka." Kando akakoroga maji ya chumvi na sukari, ya kurudisha yale yaliyotoka. "Na hii sio miujiza. Ukiona damu, au akishindwa kukaa, hiyo ni dispensari. Umesikia?"

Susu alikunywa kidogo kidogo, uso ndani ya mvuke. Nyumba yote ilijaa ile harufu ya sketi yangu. Hakuna aliyeenda nyumbani. Walikaa mlangoni wakiongea Kikamba, na maneno niliyoyajua yalinipitia katikati ya nisiyoyajua, kama taa za gari likiwa mbali. Nilikunywa yaliyobaki kwenye sufuria. Yalikuwa machungu, halafu yakawa baridi kooni. Jua lilipozama susu alikuwa amelala, mdomo wazi, bila kwenda chooni tangu saa kumi.

Asubuhi simu iliniamsha. Kitanda chake kilikuwa kitupu.

"Ameamkaje?" Mama. "Niko na taksi hapa."

Nikatoka nje na simu mkononi, nikasikia sauti kwenye zizi, nikainua simu juu kuelekea huko.

"Mwizi wewe! Mutoto wa mwizi! Leso ya kanisa!"

Mama alisikiliza muda mrefu. "Huyo mbuzi amefanya nini?"

"Amekula leso yake ya kanisa, na sasa anatafuna ile ya kazi." Sijawahi kumwambia maneno mengi hivyo kwa simu.

Alicheka, halafu nikamsikia akigeuka: "Pole bosi, hatuendi."

Niliiacha simu juu ya tangi. Nikavaa viatu, nikashika njia nyeupe mpaka kwa kioski, na hodi ikatoka nzima.

Mama wa kioski alikuwa akifungua dirisha. "Leo umetumwa nini, mtoto wa simiti?"

"Sijatumwa," nikasema.

Akanisogezea kreti ya soda nikae.