Jenereta Iliyoelekezwa Bondeni

Mimi ni mtu wa hasira za karibu, na hakuna kitu kilichonipandisha mori kama stima ya kijiji chetu, Kibugu. Mvua ikianza tu upande wa msituni, mkaratusi mmoja unalala juu ya nyaya na sisi sote tunaingia gizani. Zamani tuliwasha taa ya mafuta na maisha yakaendelea. Lakini mapafu ya mama yalipochoka, daktari alimruhusu kurudi nyumbani na mashine ya oksijeni, ile ya kuchomekwa ukutani, yenye mpira mwembamba unaoingia puani. Stima ikipotea, mashine hulia kidogo kisha hunyamaza. Hapo unakimbilia mtungi wa akiba, nao haudumu.

Kaka yangu anaishi mjini Embu, na alitaka mama ahamie kwake. Mama alikataa katakata. Alisema akitoka kwenye boma lake atatoka mara moja tu. Kaka akanipa kazi mimi, kitindamimba niliyebaki nyumbani: nitafute dawa ya stima kabla mvua hazijashika, la sivyo atakuja na gari amchukue. Nilijua mama akienda hatarudi. Nilijua pia kwamba kaka hakuwa amekosea, na hilo ndilo lililoniudhi zaidi.

Nikasema tununue jenereta. Mama akanitazama kama niliyemletea jeneza.

Lazima nieleze. Huku kwetu jenereta ni kitu cha kukodisha, pamoja na hema, viti na spika, mtu anapofariki, kwa sababu hakuna anayeiamini stima siku za matanga. Ukiisikia ikinguruma kwa jirani, huulizi. Unajifunga leso, unabeba kuni au maziwa, unaenda. Kupiga simu kwanza ni kukosa adabu. Aliyefiwa haulizwi kwa simu kama amefiwa.

"Hiyo kitu hulilia maiti," mama alisema. "Haitalia hapa nikiwa bado napumua."

Nikamjibu kwamba bila hiyo hatapumua, na nikajuta hata kabla sijafunga mdomo. Tulinuniana mpaka jioni. Alipokubali, alikubali shingo upande, na kwa sharti moja: asiisikie.

Nilikwenda Embu na fundi wa stima aliyetuwekea nyaya nyumbani. Dukani nilipendezwa na jenereta ndogo, safi, ya kubebwa kwa mkono mmoja. Fundi akaniambia hiyo ni ya taa na tivii. Ikibebeshwa mashine ya mgonjwa pamoja na friji, itaanza kukohoa nayo ihitaji oksijeni. Kulikuwa na nyingine iliyofunikwa, isiyo na kelele, lakini spea zake zilikuwa za kuagizwa Nairobi. Nikajiuliza mama atazingojea wapi. Basi tukachukua ile ya kawaida, yenye kelele, ambayo kila fundi wa Embu anaijua, na ya kuwashwa kwa ufunguo, kwa kuwa kamba ya kuvuta ilinishinda mbele ya wateja. Tukaongeza na stabilaiza, kifaa cha kusawazisha stima, ili isiruke ikaunguza mashine ya mama.

Kuificha ndiko kulikotuchosha. Tulimwaga zege chini kabisa mwa boma, pale majani ya chai yanapoanzia, tukaweka paa la mabati na kuacha pande wazi, kwa sababu moshi wake huua. Ekzosi, bomba lake la moshi, tuliigeuza ielekee bondeni, mbali na dirisha la mama. Waya ulipitishwa ardhini, ndani ya paipu, mpaka kwenye swichi ya kugeuza karibu na mlango wa jikoni. Fundi alisisitiza swichi hiyo, ili stima yetu isirudi kwenye nyaya za barabarani ikamuua anayezitengeneza.

Alasiri moja tukaijaribu. Fundi alikata stima, mashine ya mama ikalia na kunyamaza. Kisha akaiwasha jenereta kule chini na kugeuza swichi. Mashine ikaanza tena kuvuma. Mama alikuwa amefumba macho.

"Imewaka?" akauliza.

Nikaenda jikoni kulia. Nilikuwa na furaha ambayo sikujua nitaiweka wapi.

Nilipotoka nje kujifuta uso, rafiki ya mama alikuwa anaingia langoni na mzigo wa kuni mgongoni. Wawili hao walichuma chai pamoja tangu sijazaliwa, lakini mama, alipowekewa ule mpira, alikataza wageni wote. Alisema hataki kutazamwa kama ng'ombe mgonjwa. Nyuma ya rafiki yake walikuja wanawake wenye maziwa, na wazee wawili wamebeba benchi. Alinishika mkono kwa mikono yake yote miwili, akaniambia pole sana. Nilidhani ni pole ya ugonjwa. Nikasema asante, karibuni ndani.

Mama alikuwa kwenye kiti chake karibu na dirisha. Kuni zikaanguka sakafuni.

"Nani amekufa?" mama akauliza.

Rafiki yake akasema kwa sauti ndogo, "Tulisikia jenereta," akaketi juu ya kuni zake, akaanza kulia.

Nilitamani ardhi inimeze. Tulikuwa tumemkinga mama na kelele kwa kuielekeza bondeni, na bonde lote lilikuwa limeisikia. Lakini mama alikuwa anacheka. Alicheka mpaka pumzi ikamkatika, akashika kifua, akangoja mashine imrudishie, akacheka tena. Hakuufunika mpira wa puani. Alimuuliza rafiki yake kwa nini hakuja siku zote hizo.

"Si ulikataa tuje."

"Nilikataa," mama akasema. "Sasa kwa vile mmeleta maziwa, pikeni hiyo chai nikiwa naiona."

Nyumba ikajaa. Fundi alikuwa amefunga vifaa vyake, akapenya katikati ya wageni mpaka kwenye swichi, arudishe stima na kuizima jenereta. Mama akamwinulia mkono.

"Wacha kwanza," akasema. "Wa ng'ambo ya mto hawajafika."