Mama wa Noti Baridi

Sema nimerukwa na akili, nishazoea. Lakini haya yalinipata mimi mwenyewe, jua likiwaka, sokoni Isebania ninapouza omena, wale dagaa wa ziwani. Si hadithi ya kuambiwa.

Kulikuwa na mama mmoja mzee, nadhifu, kitambaa cheupe kichwani. Alikuwa akija alasiri, ananunua kopo moja la gorogoro, analipa kwa noti baridi kama imetoka kisimani. Kila alipokuja, jioni nikifungua mkebe wangu wa pesa nakuta mtupu, hata noti yake haimo. Na mkebe nilikuwa nimeubana katikati ya magoti, sasa nani angeiba? Boke, jirani yangu anayeuza nyanya, akaniambia wazi, "Mama Akinyi, hiyo ni chuma ulete. Pesa yake ikigusa yako, zinaondoka pamoja."

Wakati huo binti yangu Akinyi alikuwa ametumwa nyumbani kutoka shule ya bweni huko Homa Bay, karo haijakamilika. Anakaa mlangoni anarudia daftari za zamani. Iliniuma vibaya sana. Watu wakasema niende kwa mganga. Nimlipe na nini? Mkebe nikampa Boke awe ananyunyizia nyanya zake maji, kisha nikachukua till, namba ya kulipwa kwa simu, na kuandika kwa kibao: LIPA KWA SIMU PEKEE.

Mama akaja, akanyoosha noti.

"Hapa ni simu tu, mama."

"Sina simu, nyathina, mwanangu."

"Nenda kwa wakala akusajili, anataka kitambulisho tu. Ukilipa, naona jina lako, unabeba omena."

"Jina langu unalitakia nini?"

Amini usiamini, mdomo wake haukufunguka. Sauti ilitoka ndani ya mkebe, pale chini ya meza ya Boke. Boke aliisikia pia, akaangusha nyanya alizoshika.

Niliogopa, siwezi kukudanganya. Lakini nilimfikiria mtoto wangu kule nyumbani mlangoni, hasira ikashinda woga. "Jina," nikamwambia. "Kama huna, niachie samaki wangu."

Alikitazama kibao, akakunja noti, akaenda.

Akinyi alirudi shule. Karo ilitoka kwa simu yangu, bila mkono wangu kugusa noti hata moja. Wapo wanaosema naringa, nafukuza wazee. Waseme. Mama mkwe wangu mwenyewe akija na noti, namwambia ampigie mwanawe atume. Yule mama bado huja, anasimama ng'ambo ya barabara akinitazama. Nami namtazama vilevile.

Kwa hivyo wewe unayeuza, popote ulipo, ukipewa noti baridi uliza jina bila aibu. Boke alimwonea huruma siku moja, akaipokea noti yake. Sasa amerudi kwao kijijini bila mtaji wa hata sanduku moja la nyanya. Meza yake iko tupu, na mkebe uko pale chini. Hakuna anayekubali kuuokota.