Njia ya Chai Mlangoni pa Mkwe

Mvua ilipoangusha njia yetu ya chai, mimi sikulia, nilitukana. Ilikuwa miaka ya sabini mwishoni. Njia ile ilishuka hadi kijitoni, ikapanda mlima wa pili mpaka kituoni, ambako karani alipima majani kabla lori la kiwanda halijafika. Sasa mlima wa pili ulikuwa umeporomoka, umebaki udongo mwekundu mtupu. Kuzunguka kwa barabara kulichukua muda hata majani yakashika joto ndani ya kapu, na karani yule hakuwa na huruma. Alitia mkono, akanusa, akamwaga chini. Nikawa narudi nyumbani na kapu tupu na hasira tele.

Pa kupita palibaki mahali pamoja tu, katikati ya msitu wa miwati na mikaratusi wa kijana mmoja wa ng'ambo ya kijito, aliourithi kwa babake. Taabu ni kwamba kijana huyo alikuwa ametoka tu kumwoa binti yangu. Kwetu Kisii, mama mkwe na mume wa bintiye hawatazamani usoni wala hawakaribiani ovyo. Ni heshima, tunaiita chinsoni, na haina mzaha. Basi mume wangu ndiye aliyekwenda kuomba, na kijana akakubali kabla uji haujapoa.

Majirani wakaja kwa risaga, yaani kazi ya kusaidiana, leo kwangu kesho kwako. Wanaume wakapiga vigingi. Mwenyewe singeweza kwenda kuchungulia kwa mkwe, kwa hiyo niliuliza njia itapita wapi hasa. Mume wangu akacheka.

"Mama watoto, wewe tupikie. Mteremko tunaujua."

Nikapika, nikanyamaza, jambo ambalo si kawaida yangu.

Asubuhi ya kwanza nilipanda na kapu kichwani nikiimba. Njia ilikuwa laini, mteremko kweli waliujua. Ikakata kona kwenye mkaratusi mkubwa, na hapo mbele yangu mkwe wangu alikuwa nyuma ya nyumba yake anaoga, povu mpaka machoni. Wanaume wazima wale, na hakuna hata mmoja aliyejiuliza ni nani atapita pale kila siku. Nilijitupa kichakani. Chai ikamwagika yote. Yeye akanyakua karai, akajifunika nalo, akakimbilia ndani na kugonga mlango kwa bega. Binti yangu akatoka, akaona miguu ya mamake imechomoza kichakani, akacheka mpaka akakaa chini.

Jioni mume wangu aliyasikia yote.

"Mteremko mliupima," nikamwambia. "Aibu yangu mliipima na nini?"

Akasema njia ikishakatwa imekatwa, na watu hawataitwa tena kwa risaga kwa sababu ya macho yangu. Nikarudia kuzunguka barabarani, na karani akarudia kumwaga. Niliumia sana. Michai ile niliipanda kwa mikono yangu, binti huyo huyo akiwa mgongoni, na sasa majani yake yalikuwa yanaozea mlangoni pa karani.

Jumapili moja nikasikia shoka ng'ambo. Nikashuka hadi kijitoni. Mkwe wangu alikuwa peke yake, anaihamisha njia ipite chini, mbali na nyumba, na ili ipite alikuwa anaangusha mikaratusi michanga aliyoitunza kwa paa la nyumba yake mpya. Alijua nipo, maana nilikohoa. Hakugeuka. Aliendelea kukata, shati limelowa, na mimi nikasimama pale nikatabasamu peke yangu. Tangu nimwoze binti yangu nilikuwa na wasiwasi, ambao sikumwambia mtu, kama amepata mume mwema. Siku ile uliniisha.

Kesho yake karani alinusa majani yangu, akayaweka kwenye mizani. Wakati wa kurudi nilitundika mkungu wa ndizi kwenye kona mpya, na kesho yake haukuwepo.

Asante sikuwahi kumwambia. Hata sura yake, kusema kweli, siijui vizuri. Mgongo wake naujua.