Boriti za Nyumba ya Soni

Mimi sikusoma, lakini Soni nzima inajua kuwa yule aliyebeba kabichi kichwani toka Mgwashi leo anapangisha nyumba. Hii ya mwisho ndiyo iliyonitoa jasho.

Nilipoikagua kabla ya kununua, nijue matengenezo yatakula kiasi gani, niliingia moja kwa moja jikoni. Boriti zilikuwa nyeusi tii. Nikazigonga, ngumu kama chuma. Mti uliokula moshi hauguswi na bungua, mdudu mla mbao, kila Mshambaa analijua hilo.

Fundi Shemdoe akasema, "Bwana mkubwa, boriti za vyumbani hujazigonga."

"Shemdoe, mboga huonjwa kijiko kimoja. Hapa ni chokaa tu."

Nikanunua, nikapaka chokaa, nikamleta karani wa boma na mkewe. Huyo karani nilimtaka hasa, maana akikaa yeye, makarani wenzake wote watanifuata. Alipofika chumba cha kulala akatazama juu, akauliza kama paa ni imara.

"Paa hili litatuzika sote," nikamjibu. Nikapanda kwenye kiti, nikashika boriti, nikaning'inia na kanzu yangu.

Kumbe chumba kile hakijawahi kuwashwa moto. Boriti ilikatika, nikaketi sakafuni nimeikumbatia, unga wa bungua umenifunika mpaka kofia.

Mke wa karani akapiga goti kwa adabu. "Shikamoo, baba. Kipande hicho unatuachia, au unaondoka nacho?"

Nikaitikia marahaba, kwa sauti ya mwenye nyumba.