Bomba la Ruiri na ng'ombe wa Mama Kendi

Leo nimemkamata aliyekata bomba letu la maji, kisha tukalifunga pamoja.

Mimi ni mwalimu, na pia katibu wa mradi wa maji hapa Ruiri. Asubuhi mifereji yote ilikauka, hata ule wa shule. Nikafuata bomba kwa miguu mpaka karibu na chemchemi.

Huko nikampata jirani yangu, Mama Kendi, panga mkononi. Ng'ombe wake walikuwa wanakunywa maji kwenye tope.

Hata hasira sikuwa nayo. Iliisha njiani.

"Mama Kendi, kwa nini?"

"Mwalimu, kijito chote mmekiingiza kwa bomba. Hawa wanywe wapi?"

Nikachuchumaa penye bomba lililokatwa.

Miaka miwili tulipanga. Tulichora tangi, shule, zahanati. Ng'ombe hatukuwachora, na hapa ni boma gani halina ng'ombe? Mikutano tuliiweka saa za kunywesha mifugo. Wenye mifugo wasipokuja, tunasema hawajali.

Tumefunga bomba kwa mpira wa baiskeli, yeye akinishikia, tukaacha maji kidogo yatokee kwa ng'ombe. Jioni kamati imekubali kujenga hori la kunyweshea mifugo.

Nimechoka, jamani.

Semeni ukweli, mradi wa kwenu ulimsahau nani?