Kompyuta Niliyoambiwa Niitupe

Baba alipofariki, mama aliamua kujenga nyumba mpya kijijini kwetu Nkoaranga. Baba zangu wadogo wakamwambia asubiri, eti mjane hajengi peke yake. Hakusubiri. Mimi huchora ramani za nyumba, nikamchorea. Lakini karatasi hazikumwambia kitu, nikamwahidi kumwonyesha kwenye kompyuta nyumba nzima, aione pande zote.

Kompyuta yangu ilitumia mfumo wa zamani wa Linux, maana programu yangu ya kuchorea haikubali toleo jipya. Kila nikiizungusha nyumba, picha inaganda. Rafiki aliyefunga studio yake ya video akanipa kadi yenye nguvu, ile ya ndani ya kompyuta inayoendesha picha. Nikaipachika, nikawasha. Kioo cheusi.

Fundi wa mjini hakuifungua hata kifuniko.

"Dada, hii tupa. Nunua mpya."

"Nimekuletea uitengeneze, sijakuletea uizike," nikamjibu, nikaibeba nikarudi nayo nyumbani Kijenge.

Nikauliza mtandaoni kwa simu. Waliojibu wakaniambia niweke mfumo mpya. Nikaeleza kwa nini siwezi, wakanicheka. Hasira zikanipanda, nikaanza kusoma mwenyewe. Kumbe kadi ilikuwa nzima. Draiva, yaani programu ya kuiendesha kadi, iliyokuja na mfumo haikuijua, na draiva mpya ya watengenezaji haikuelewana na mfumo mkongwe. Nilihitaji draiva ya zamani, ya rika moja na Linux yangu.

Nikaipata. Nikaizima ile ya kwanza zisigombane, nikawa naandika amri kwenye kioo cha maandishi matupu. Ikagoma: kuna mafaili ya mfumo hayapo. Nikayatafuta, nikayaweka. Ikagoma tena.

"Si uazime laptop ya ofisini kwangu?" mume wangu akasema.

"Sitaki ya kuazima. Hii itawaka."

Nilipopata faili la mwisho lililokosekana, ikawaka, siku ya mvua, saa nne asubuhi. Picha ikajaa kioo, nyumba ikazunguka laini kama maji. Nilipiga kelele mpaka jirani akaja kuuliza kuna nini.

Jumamosi mama akateremka mjini.

"Shikamoo mama. Kaa hapa."

Nikaizungusha nyumba polepole. Akatazama, kisha akaweka kidole kwenye kioo.

"Huu mlango umeuficha nyuma kwa nini? Ulete mbele, uangalie njia. Baba zako wadogo wakienda kanisani wapite hapo, waone."

Nikauleta mbele.