Nywele za Zuena Pindoni mwa Severina

Pale Kihesa, mjini Iringa, miaka ile ya hamsini na kitu, ukimwona mwanamke anapita shingo imenyooka na macho yamevutika kidogo kwenda juu, huna haja ya kumuuliza. Katoka kwa Mwanakhamisi. Na mwenyewe atakwambia kwa fahari, "Kichwa kinaniuma, shoga, lakini hebu tazama njia hizi!" Njia zenyewe nyembamba, zimenyooka, hakuna unywele hata mmoja uliochomoza. Mwanakhamisi binti Mrisho, ambaye baba yake alipanda Iringa kutoka pwani na mizigo ya watu, hakuwa na mpinzani. Alikuwa mwepesi wa kucheka, na mwepesi zaidi wa kukasirika.

Wala hakuwa msusi tu. Kichwa chenye mba alikiosha kwa maji ya ndimu. Mtoto mwenye mapunye alisuguliwa kitunguu saumu kilichopondwa mpaka akalia kama anachinjwa, na baada ya siku kadhaa mapunye yananyauka. Vipele vya kisogoni alivipaka utomvu wa shubiri. Na zile nywele kavu, zinazokatika kwa baridi ya Iringa, dawa yake ilikuwa mafuta ya nyonyo, na hapo ndipo alipoingia Severina.

Severina alikuwa Mhehe wa Ilula, mkulima wa nyanya. Mafuta ya nyonyo aliyatengeneza mwenyewe: akaange mbegu, azitwange, azichemshe mpaka mafuta yaelee, ayaengue taratibu. Kila alipoleta nyanya sokoni Iringa aliishia barazani kwa Mwanakhamisi na chupa yake. Atakula, atasukwa bure, watasengenya watu kidogo, ndipo aondoke. Mmoja anaswali, mwenziwe anakwenda misa, na haikuwahi kuwa neno baina yao.

Walibishana kwa jambo moja tu. "Mama Zuena, mkono wako mkali," Severina alikuwa akimwambia huku machozi yanamlenga. "Legeza kidogo. Kichwa nacho kinataka kupumua."

"Nikilegeza watasema nimezeeka," Mwanakhamisi anajibu, anavuta zaidi, na wote wawili wanacheka. Walicheka hivyo miaka mingi.

Sasa, Zuena alikuwa binti yake wa pekee, na alikuwa ameposwa na Muhidini, kijana wa mfanyabiashara wa nguo kule Mbeya. Mama mtu akapania. Kila Ijumaa Zuena anasukwa upya, kwa sababu kichwa cha Zuena ndicho kilichokuwa kikimtangaza mama yake mjini. Vikaota vipele vidogo kwenye paji la uso, pale nywele zinapoanzia. Mwanakhamisi akavipaka shubiri, akasuka tena. Kisha nywele za panjani zikaanza kupukutika. Akapaka nyonyo asubuhi, akapaka nyonyo jioni, akafumua, akasuka tena, safari hii kwa nguvu zaidi ili zile chache zilizobaki zizibe uwazi. Jamani! Mkono huu unatibu, mkono ule unaumiza, na mwenye mikono haoni. Harusi nayo inakaribia, na biharusi ana upara panjani kama mzee wa baraza.

Bibie, jirani wa nyumba ya pili, mwanamke asiyepitwa na habari ya mtu, akamnong'oneza: "Mwenzangu, nywele za huyo mtoto zinakwenda wapi akishachanwa?"

Swali hilo lilikuwa zito. Katika nyua zile nywele zilizotoka kwenye kitana hazitupwi ovyo. Msusi huzikusanya, akazivingirisha kidonge, akamkabidhi mwenyewe akazichome au akazifukie. Nywele zako zikiangukia mikononi mwa mwenye kijicho, basi umekwisha. Hivyo ndivyo walivyoamini wote, na Mwanakhamisi aliamini kuliko wote. Tangu siku hiyo akawa halali vizuri. Kila aliyekaa kwenye mkeka wake alimtazama mikono.

Ijumaa moja Severina akaja na mafuta. Akamkuta Zuena peke yake barazani, amekwisha fumuliwa na kuchanwa, mama yuko jikoni. Akakiokota kile kidonge cha nywele mkekani, akakigeuza juani, akatoa unywele mmoja mmoja, akasema na Zuena kwa sauti ya chini. Mwanakhamisi alipotoka, Severina alikuwa anaaga, na Bibie, aliyekuwa amesimama kwenye ua wa jirani, akapaza sauti: "Severina! Umefunga nini pindoni?"

Severina hakuficha. Alifungua pindo la kanga yake mbele ya wote, na nywele za Zuena zikaonekana. "Nampelekea mama yangu azitazame," alisema. "Yeye ametibu vichwa tangu..."

Mwanakhamisi hakumwacha amalize. "Kumbe ni wewe! Nakulisha, nakusuka kwa mikono yangu, kumbe unanimaliza kwa mwanangu! Mchawi mkubwa wee!"

"Mama Zuena, nisikilize."

"Toka! Toka kwangu!" Akainyakua chupa ya mafuta, akaimwaga yote mchangani. Zuena akasimama, akasema, "Mama, sivyo, alikuwa ananionyesha..." Mama yake akamgeukia: "Nyamaza wewe! Umekwisha lishwa!"

Neno lile la uchawi lilisikika mpaka barabarani, na Bibie alilifikisha kule ambako halikusikika. Siku ya soko iliyofuata, nyanya za Severina zilikaa mpaka jioni bila mtu kuzigusa. Watoto walimrushia vijiwe. Hakuonekana tena Iringa.

Harusi ilipita salama, Zuena kapambwa hina na kufunikwa mtandio mzito, akaenda zake Mbeya. Mwaka ulikuwa haujatimia vizuri zikaja habari za mjukuu. Mwanakhamisi akapanda basi, akapigwa na vumbi na baridi kutwa nzima, akafika Mbeya hajui miguu yake iko wapi. Alipokewa kwa vigelegele. Alikumbatia mtoto, akambusu, kisha akamtaka Zuena avue kanga kichwani.

Loo! Panjani kumejaa nywele nyeusi tele, kama hapakuwahi kuwa na upara. "Dawa gani mmempa?" akamuuliza mkwewe, mama yake Muhidini.

"Dawa gani tena, dada yangu? Nilimkataza kusukwa, basi. Mafuta kidogo, mabutu yaliyolegea, na kanga juu. Alikuja hapa ngozi imevimba kwa kuvutwa."

Mama yake Muhidini alipokwenda kutazama chai, Zuena alisema huku anamtazama mtoto wake, "Mama, ulikuwa ukinisuka nikilala macho hayafumbi. Niliogopa kukwambia. Na da Severina siku ile alinionyesha kila unywele umetoka na mzizi wake mweupe. Akasema huu si ugonjwa, nywele zinang'olewa. Alitaka mama yake mzazi ndiye aje kukwambia, kwa sababu yeye ukimsikia unacheka tu."

"Na kwa nini hukuniambia?"

"Nilikwambia, mama. Ukasema nimelishwa."

Mwanakhamisi alitazama vidole vyake, vile vidole vilivyosifiwa mji mzima. Alijichukia. Alilia pale pale, na mjukuu naye akaanza kulia, ikawa kazi ya kuwabembeleza wote wawili.

Aliporudi Iringa alishinda nyumbani siku moja tu, akapanda lori la kwenda Ilula. Severina alikuwa uani kwake anachagua nyanya, kichwa amekifunga kitambaa kichakavu. Alimtazama mgeni, akamsalimu kwa Kihehe kama zamani, "Kamwene, mama Zuena. Karibu." Akamtolea kigoda.

"Zuena nywele zimeota?" aliuliza kabla ya lolote.

"Zimeota." Na hapo Mwanakhamisi akashindwa, akapiga magoti kwenye vumbi. "Nimekukosea, Severina. Nimekuvunjia jina. Mkono ulikuwa wangu."

"Inuka, utachafua kanga." Severina alimwinua, akamletea ugali na mboga, wakala wote. Hakumtukana. Lingekuwa jambo jepesi kama angemtukana. Alisema tu, "Mama alikufa mwezi wa mavuno. Kila siku ya soko alikuwa ananiuliza mbona siendi kwa shoga yangu. Nikamwambia nyanya zimeoza."

"Rudi Kihesa. Mimi nitasema na watu."

"Nimekusamehe, mama Zuena. Lakini Kihesa sirudi."

Mwanakhamisi akaomba basi amsuke, kama zamani. Severina alifungua kitambaa. Nywele zilikuwa zimejisokota, hazikuguswa na msusi tangu siku ile. Mwanakhamisi alizichana polepole kuanzia nchani, akazipaka nyonyo, akasuka njia pana zilizolegea. Kwa mara ya kwanza katika miaka yote ile, Severina hakulengwa na machozi. Alisinzia.

Kazi ilipokwisha, Mwanakhamisi akakusanya nywele zilizotoka kwenye kitana, akazivingirisha, akamkabidhi mwenyewe kama ilivyo desturi. Severina hakunyoosha mkono. "Hizo nenda nazo wewe," alisema. "Mimi sikuogopi."

Njia nzima ya kurudi Mwanakhamisi alikuwa ameshika pindo la kanga yake. Kesho yake wanawake walipokusanyika barazani, Bibie tayari kakaa mkekani anangoja kusukwa, alisema bila kuzunguka: "Sikilizeni. Severina si mchawi, wala hajawahi kuwa. Mimi ndiye niliyemng'oa mwanangu nywele kwa kuvuta. Nimetoka kwake jana." Akafungua pindo, akaonyesha. "Na hizi kanipa mwenyewe."

Mmoja akamvuta mwanawe kutoka mkekani. Bibie alizitazama zile nywele, akakunja miguu yake. "Ulikula kwake?"

"Nilikula. Ndiyo."

"Aa, masikini, Mwanakhamisi," alisema Bibie, na alikuwa na huruma ya kweli. "Amekulisha."

Maneno hayo Mwanakhamisi aliyajua. Aliwahi kuyasema yeye. Akachukua kitana, akamsuka Bibie kwa mkono laini, na wale wengine wakaaga mmoja mmoja. Kazi ilipokwisha Bibie hakuomba kioo. Alisimama, akanyoosha kiganja.

"Nipe nywele zangu," alisema. "Zote."